Oili Inapovuja: Kubadilisha Sampu ya Gari Nyumbani

Doa jeusi chini ya gari ni jambo ambalo mwenye gari huliona mara kadhaa kabla ya kulijali. Huliona Jumatatu akaondoka zake. Huliona tena Alhamisi, nalo limekua. Jumamosi humpelekea fundi. Fundi huinama, hupitisha kidole chini ya injini, hukitoa kikiwa kimelowa, kisha hutamka hukumu: "Sampu imekwisha, bosi. Nunua nyingine." Huenda amesema kweli. Huenda pia hakuangalia zaidi ya pale kidole chake kilipofika.

Katika somo hili tunamweleza mlaji namna ya kujua kama sampu ndiyo inayovuja, namna ya kuinunua bila kupunjwa, na namna ya kuibadilisha mwenyewe nyumbani endapo gari lake linaruhusu. Tumeanza na uchunguzi kwa makusudi, kwa sababu sampu mpya iliyofungwa chini ya injini inayovuja kutoka juu haitaondoa doa lile.

Sampu ni bakuli lililofungwa chini kabisa ya injini. Oili yote inayozunguka ndani ya injini hurudi humo kwa uzito wake, na humo ndimo pampu huifyonza kupitia chujio dogo na kuipeleka tena juu. Katika injini nyingi ndogo za petroli, zikiwemo zile za Toyota zilizojaa katika barabara zetu, bakuli hilo ni bati la chuma lililokandamizwa likapata umbo, likafungwa kwa bolti ndogo nyingi na kuzibwa kwa silikoni badala ya gasketi. Injini nyingine zina sampu mbili, ya juu ya alumini na ya chini ya bati. Kwa kuwa iko chini kuliko vyote, sampu ndiyo inayopokea kokoto, ndiyo inayokwaruzwa na matuta yasiyo na vipimo, na ndiyo inayooza kwa chumvi katika magari yaliyotumika muda mrefu kando ya bahari.

Kwanza mjue mwizi

Oili haivuji kwenda juu. Inapotoka mahali popote kwenye injini huteremka, na upepo wa safari huisukuma nyuma, hata mwisho wake ikakusanyika ukingoni mwa sampu na kudondokea hapo. Ndiyo maana sampu hulaumiwa kwa makosa ya wengine. Gasketi ya kifuniko cha juu ya injini, ambacho mafundi hukiita tapeti kava, ikikauka na kupasuka, oili hutiririka ubavuni mwa injini hadi chini. Filta isiyokazwa vizuri, au iliyofungwa huku mpira wa filta ya zamani umebaki umeganda mahali pake, humwaga oili nyingi kwa muda mfupi. Swichi ya oili huvuja kupitia waya wake. Nati ya kumwagia oili huvuja kwa sababu washa yake imetumika mara nyingi mno. Ipo pia sili ya nyuma ya krenki, ambayo oili yake huonekana mahali injini inapoungana na gia boksi. Hiyo haitengenezwi bila kushusha gia boksi, nayo ni kazi ya gereji.

Uhakikishe kwanza kwamba kinachodondoka ni oili ya injini. Tandika kipande cha boksi jeupe au karatasi chini ya gari usiku kucha. Maji safi yasiyo na harufu hutoka kwenye kiyoyozi, nayo si hitilafu. Kimiminika chekundu chenye utelezi mara nyingi ni cha gia boksi ya otomatiki au cha usukani. Cha kijani au cha waridi, chenye utamu katika harufu yake, ni cha rejeta. Oili ya injini ni ya kahawia au nyeusi, na ikipakwa kati ya vidole viwili huteleza.

Ukishajua kwamba ni oili ya injini, safisha. Hatua hii watu wengi huiruka, nayo ndiyo inayookoa fedha. Injini ikiwa imepoa, ifute ubavuni na chini kwa matambara na dawa ya kusafishia breki au sabuni ya kuondolea grisi, mpaka chuma kionekane. Kisha paka poda nyepesi, hata ile ya watoto, katika maungio yote unayoyatilia shaka: ukingo wa sampu, kuizunguka nati ya kumwagia oili, chini ya filta, na kwenye mstari wa tapeti kava. Endesha kilomita kumi au kumi na tano, egesha, kisha angalia kwa tochi kuanzia juu ukishuka chini. Mahali pa juu kabisa palipolowa ndipo oili inapotokea. Kama poda ya juu yote ni kavu, na iliyolowa ni ya ukingo wa sampu au ya tumbo lake, basi fundi alisema kweli.

Pima pia kiasi cha oili kwa kile kijiti chake, gari likiwa mahali tambarare. Oili iliyozidi alama ya juu, au mfumo wa kutoa hewa ya injini ulioziba, huongeza msukumo ndani na kuifanya injini ivuje katika maungio ambayo hayana ubovu wowote. Mtu akifunga sampu mpya katika hali hiyo, ataiona nayo inalia baada ya wiki chache.

Jambo moja liko kinyume cha haya yote, na ni la hatari zaidi. Sampu iliyogongwa na jiwe ikabonyea ndani inaweza isivuje hata tone. Hata hivyo, bati lililobonyea huweza kukaribia mdomo wa chujio la kufyonzea, au kuliziba kabisa, na injini ikakosa oili huku kijiti kikionyesha kwamba oili ipo. Ukisikia gari limegonga chini kwa kishindo na baadaye taa nyekundu ya oili ikawaka, zima injini papo hapo, hata kama uko katikati ya foleni. Injini inayozunguka bila oili huharibika kwa muda wa dakika, na gharama yake haifanani hata kidogo na bei ya sampu.

Sabuni, gundi na kuchomelea

Tunaulizwa sana kuhusu kuziba tundu la sampu kwa sabuni ya kipande. Desturi hiyo imetoka kwenye tangi la petroli, ambako sabuni husaidia kwa muda kwa sababu haiyeyuki katika petroli. Sampu ina joto, na sabuni hulainika kwa joto. Gundi ya chuma ya sehemu mbili, ikipakwa juu ya bati lililosuguliwa kwa msasa na kukaushwa, inaweza kumfikisha mtu nyumbani au gereji. Tunaihesabu kuwa msaada wa njiani tu. Kuchomelea kunawezekana kwa sampu ya bati iliyokwisha kufunguliwa, ikaoshwa na kukauka kabisa. Kuchomelea sampu ikiwa bado imefungwa kwenye gari ni kuleta moto mahali penye mvuke wa mafuta na mpira mwingi. Asikubali mtu yeyote gari lake lifanyiwe hivyo.

Kununua sampu

Kwa muuzaji wa vipuri, iwe Kariakoo au mjini kwako, usiende na jina la gari peke yake. Magari yenye jina moja hutoka kiwandani yakiwa na injini tofauti, na sampu hufuata injini. Andika namba ya chasisi, aina ya injini na mwaka wa gari, au nenda na sampu ya zamani mkononi ikiwa umekwisha kuifungua. Linganisha mambo manne: idadi na nafasi ya matundu ya bolti, kina cha bakuli, mahali ilipo nati ya kumwagia oili, na umbo la ukingo. Weka ukingo juu ya kioo cha kaunta ya duka. Sampu iliyonyooka hukaa bila kucheza. Iliyopinda hucheza, nayo itavuja hata ukiipaka chupa nzima ya silikoni. Fungua nati yake na kuirudisha kwa vidole. Ikikwama au ikilegea, nyuzi zake zimeharibika.

Sampu ya mtumba si kosa, na kwa magari ya zamani huenda ndiyo pekee inayopatikana. Itazame ndani kwa tochi, na chunguza mahali palipopakwa rangi mpya nene, kwa kuwa rangi huficha kutu na viraka.

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu pana jambo la sheria ambalo wengi hulipoteza kwa kutolijua. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi akimjulisha muuzaji matumizi mahususi ya bidhaa anayoitaka, akategemea ujuzi wa muuzaji huyo, na bidhaa ikawa ni ya aina ambayo muuzaji huifanyia biashara, huwapo sharti kwamba bidhaa itafaa kwa matumizi hayo, ijapokuwa hawakuliandika. Kwa hiyo, usiseme tu, "Naomba sampu ya IST." Sema: "Naomba sampu ya gari hili, chasisi namba hii, injini hii," na uombe maelezo hayo yaandikwe kwenye risiti. Risiti iliyoandikwa "vipuri" na kiasi cha fedha peke yake humwachia muuzaji nafasi ya kusema kwamba hakuambiwa. Dai risiti ya EFD, uangalie kwamba kiasi kilichochapishwa ndicho ulicholipa, na uipige picha, maana karatasi ya risiti hizo hufifia.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji katika biashara. Kipuri kilichotengenezwa na kampuni nyingine kinaweza kuwa kizuri, na hakuna ubaya kukiuza. Ubaya ni kukiuza kikiwa ndani ya boksi lenye nembo ya mwingine, au kumwambia mnunuzi kwamba ni "jenuini" huku muuzaji akijua kwamba sivyo. Tahadhari hiyohiyo iwe juu ya oili. Nunua galoni ambalo kifuniko chake hakijakatwa ukanda wake, lenye namba ya toleo inayosomeka, na la unene ulioandikwa katika kitabu cha gari. Oili inayopimwa kutoka kwenye pipa lisilo na jina hairudishwi, kwa sababu hakuna wa kurudishiwa.

Je, hii ni kazi yako?

Lala chini ukiwa na tochi, gari likiwa bado limesimama juu ya matairi yake, na utazame. Ikiwa unaiona sampu yote na kila bolti inafikiwa na soketi, kazi hii mtu makini anaiweza kwa siku moja na nusu. Ikiwa bomba la moshi linapita chini yake, au fremu ya mbele imeikinga, au sampu ya alumini imeungana kwa bolti na gia boksi, au ni gari la magurudumu manne lenye difu ya mbele iliyopita hapo, basi ipeleke gereji. Baadhi ya magari hayo hudai injini inyanyuliwe, na injini hainyanyuliwi uani kwa kamba na mti wa mwembe.

Vifaa vya lazima ni hivi: jeki nzima, stendi mbili za chuma zenye uwezo ulioandikwa kupita uzito wa gari lako, vizuizi vya magurudumu, soketi na rachi yake, beseni la kukingia oili, kisu chembamba kipana kama kile cha kupakia lipu ya ukuta, nyundo ya mpira, dawa ya kusafishia breki, silikoni ya injini inayostahimili oili, washa mpya ya nati, filta mpya na oili mpya. Kwa injini nyingi ndogo za Toyota, bolti za sampu hufunguka kwa soketi namba 10 na nati ya kumwagia oili kwa namba 14. Miwani ya kinga na glavu si anasa. Oili iliyotumika hudhuru ngozi, na kugusana nayo mara kwa mara kwa miaka kumehusishwa na saratani ya ngozi.

Sasa juu ya jeki, na hapa hatutatumia maneno ya upole. Jeki inayokuja na gari imetengenezwa kwa ajili ya kubadilishia tairi, mtu akiwa pembeni. Haikutengenezwa kumbeba mtu aliye chini. Tofali hupasuka ghafla bila kulia kwanza, jiwe huteleza, rimu iliyolazwa huponyoka. Gari dogo lina uzito wa takriban tani moja, na likishuka halimpi mtu muda wa kujiondoa. Usiingize hata bega chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Egesha mahali pagumu na tambarare, pasipo mchanga wala kokoto, vuta breki ya mkono, weka gia ya kwanza, au P kwa otomatiki, zuia magurudumu ya nyuma mbele na nyuma, nyanyua kwa kutumia sehemu zilizoonyeshwa katika kitabu cha gari, weka stendi, shusha gari likae juu ya stendi, kisha litikise kwa mikono miwili kwa nguvu. Likicheza, anza upya. Asiwepo mtoto karibu, na awepo mtu mzima mmoja nyumbani anayejua kwamba uko chini ya gari.

Kushusha ya zamani

Washa injini dakika chache ipate uvuguvugu, izime, uisubiri nusu saa. Oili ya vuguvugu hutoka vizuri, ilhali ya moto huunguza mkono. Fungua nati ya kumwagia oili, kinga kwa beseni, uiache itone kwa muda mrefu kuliko unavyofanya wakati wa sevisi ya kawaida. Ondoa filta pia.

Chukua kipande cha boksi, uchore juu yake umbo la sampu, na kila bolti unayoitoa ichomeke katika tundu lake kwenye mchoro. Bolti za sampu huweza kutofautiana urefu, na ndefu ikiingizwa mahali pa fupi huharibu nyuzi au hupasua alumini. Acha mbili za pembe zinazokabiliana, zikiwa zimelegezwa, ili sampu isikudondokee usoni.

Sampu iliyozibwa kwa silikoni haitoki kwa kuvutwa. Ingiza ukali wa kisu katika mstari wa silikoni, ukipigepige taratibu kwa nyundo ya mpira, huku ukizunguka. Usitumie bisibisi kama wenzo. Mkwaruzo mmoja katika ukingo wa alumini wa juu utakuwa njia ya oili siku zote, na sehemu hiyo ya juu hukuinunua.

Sampu ikishuka, usiitupe kabla ya kuitazama ndani. Tope jeusi zito linaonyesha kwamba oili haikubadilishwa kwa wakati; lisafishe, na usafishe pia chujio la kufyonzea lililoachwa wazi juu yako. Ukiona chembe zinazometameta kama unga wa fedha au shaba, pitisha sumaku. Ziwe zimenaswa au hazikunaswa, zikiwa nyingi, simama hapo. Hizo zinatoka kwenye beringi na vyuma vya ndani, na sampu mpya haitatibu maradhi hayo. Itisha fundi wa injini azione kabla hujatumia fedha zaidi.

Kufunga mpya

Kazi hii huharibika hapa kuliko mahali pengine, na huharibika kwa haraka. Kwangua silikoni yote ya zamani kwa kipande cha plastiki kigumu au mti, uhakikishe makombo hayaingii ndani ya injini. Futa kwa dawa ya kusafishia breki. Usitumie petroli, ambayo mvuke wake hutafuta cheche. Subiri. Injini huendelea kutonesha oili kwa saa nyingi, na tone moja likishuka ukingoni wakati unapaka silikoni, mahali hapo hapatashika. Sisi tungeiacha itone usiku kucha, tukafunga asubuhi.

Jaribu kwanza sampu mpya ikiwa kavu, uone kwamba matundu yote yanakutana. Kisha paka silikoni katika uzi mmoja usiokatika, wa unene wa milimita 3 hadi 4, ukipita upande wa ndani wa kila tundu la bolti. Kuzidisha si kuzibia zaidi. Inayobaki hufinyika kuingia ndani, hukatika, na kwenda kuziba chujio. Ikiwa gari lako linatumia gasketi, ifunge kavu na safi isipokuwa kitabu kiseme vinginevyo. Maelekezo ya Toyota kwa silikoni yake ni kwamba sampu ipachikwe ndani ya dakika 3 baada ya kupakwa, na oili isitiwe kabla ya saa 2 kupita tangu kufungwa. Silikoni nyingine zina muda wao uliochapishwa kwenye chupa. Muda mrefu zaidi ndio wa kufuata.

Ingiza bolti zote kwa vidole. Kisha kaza kidogokidogo, ukianzia katikati na kwenda nje kwa kukingamisha, katika mizunguko miwili. Bolti hizi ni ndogo, na nguvu inayotakiwa kwa injini nyingi za aina hii ni takriban nyutoni mita 9. Kwa asiye na spana ya kupimia nguvu, hiyo ni kama uzito wa lita 6 za maji ukining'inia kwenye mwisho wa mpini wa sentimita 15. Yaani ni nguvu ya kifundo cha mkono, si ya bega. Wengi hukaza mpaka waone raha, na raha hiyo hupinda ukingo wa bati kuzunguka kila tundu, hata sampu mpya ikavuja kati ya bolti na bolti. Nati ya kumwagia oili, yenye washa mpya, hukazwa zaidi. Kwa magari mengi madogo ni kati ya nyutoni mita 30 na 40. Filta hukazwa kwa mkono, baada ya mpira wake kupakwa oili safi.

Muda wa silikoni ukitimia, tia oili. Injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, iliyomo katika baadhi ya IST, huchukua takriban lita 3.7 pamoja na filta, hivyo usimimine galoni zima la lita 4 kwa kuwa tu limo mkononi. Shusha gari, washa injini, ukiiangalia taa ya oili. Izimike ndani ya sekunde chache. Isipozimika, zima injini. Iache iunguruma bila kukanyaga mafuta dakika chache, tazama chini kwa tochi bila kuingia, zima, subiri dakika 5, upime kwa kijiti. Rudia kutazama kesho yake asubuhi, na tena baada ya kilomita mia moja hivi. Ukikuta unyevunyevu ukingoni, usiukabili kwa kukaza bolti. Safisha, paka poda, upime upya kama tulivyoeleza mwanzoni.

Oili iliyotoka

Imimine katika dumu lenye kifuniko, liandike, uliweke mbali na watoto. Isiende kwenye mtaro wa mvua, kisima wala shimo la choo. Tunajua kwamba watu wengi huipaka kwenye mbao na nguzo za uzio kuzuia mchwa. Desturi hiyo huingiza metali na sumu katika udongo ambao pengine mchicha umepandwa hatua mbili kutoka hapo. Gereji na vituo vya sevisi vinavyokusanya oili chafu huipokea, nawe uliza kwanza wanaipeleka wapi.

Ikiwa umeamua fundi afanye

Mwambie fundi akuonyeshe tundu au ungio linalovuja kabla hajafungua chochote, injini ikiwa imesafishwa. Patana kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu: kipuri gani, kipya au cha mtumba, nani atakinunua, ufundi ni kiasi gani, na kwa muda gani atairudia kazi bila malipo ikivuja. Mwambie pia kwamba sampu ya zamani utaichukua. Ombi hilo fundi mwaminifu halimsumbui, na sampu isiyo na tundu, iliyofunguliwa kwa madai kwamba imetoboka, ni kielelezo kizuri kuliko maneno ya watu watatu.

Kipuri kikivuja, au kikionekana si kile ulichouziwa, rudi kwa muuzaji kwanza, mapema, ukiwa na risiti. Akikataa, andika tarehe na jibu lake, kisha uje katika ofisi yetu iliyo karibu nawe ukiwa na risiti au picha yake, boksi la kipuri, kipuri chenyewe kikiwa hakijachomelewa wala kupakwa gundi, picha za mahali kinapovujia, na mapatano yako na fundi. Kupokelewa kwa malalamiko hakuna malipo. Mlalamikaji asiyejua kuandika atasaidiwa kuandikiwa maelezo yake, na atasomewa kabla ya kutia dole gumba.